Je, Aliyekubali Sindano Ameikubali na Qi?

Kutoka Kikwajuni hadi Hospitali ya Mnazi Mmoja ni mwendo wa miguu, na mkaazi wa mtaa huo si mgeni kwa madaktari wa Kichina. Mkoa wa Jiangsu umekuwa ukileta timu zake Unguja na Pemba tangu 1964, mwaka ule ule wa Mapinduzi. Timu moja ikimaliza muda wake, nyingine inapokea. Kazi yao kubwa imekuwa upasuaji na tiba za hospitali za kawaida, lakini pamoja nao zilikuja zile sindano nyembamba kama unywele, na baadaye yakaja maduka ya watu binafsi yenye majani makavu na vidonge vya mitishamba. Mwenye baridi yabisi anayekwenda kwa tabibu wa namna hiyo huulizwa mambo asiyoyatarajia: usingizi wake, choo chake, hamu yake ya kula, hata hasira zake. Kisha huelezwa kwamba mwilini mna nguvu iitwayo qi inayopita katika mikondo, na kwamba maumivu ni mkondo uliokwama. Kwa mtu aliyekulia chuoni na msikitini, hapo kuna maswali mawili. Akiikubali sindano, ameikubali na qi? Na akipata nafuu, nafuu hiyo inathibitisha kuwa qi ipo? Maswali yote mawili nayajibu hapana, na naamini jibu hilo linaiheshimu tiba ya Kichina kuliko wanavyoiheshimu wanaoipigia debe.

Tuanze na hofu ya kidini. Wapo wanaoogopa kwamba qi ni mlango wa ushirikina. Lakini katika vitabu vya tiba vya Kichina qi haiabudiwi wala haiombwi. Ni maelezo ya maumbile, kama Ibn Sina alivyoueleza mwili kwa damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi, na kama waganga wetu wa vitabu wanavyogawa maradhi na vyakula kuwa vya moto na vya baridi. Maelezo ya maumbile yanaweza kuwa ya makosa bila ya kuwa dhambi. Mjini Tabriz, mnamo 1313, waziri Rashid al-Din, Muislamu na tabibu, alisimamia kitabu kilichotia elimu ya Wachina ya kupima mapigo ya mshipa katika Kifarsi, wala hakuona kwamba amebadili dini. Ibn Khaldun alikwenda mbali zaidi katika Muqaddima: alisema hata tiba zinazonasibishwa na Mtume zilikuwa uzoefu wa Waarabu wa jangwani, kwani Mtume alitumwa kufundisha sheria, hakutumwa kufundisha utabibu, akakumbusha kisa cha kuchavusha mitende, ambapo wakulima waliachiwa mambo ya dunia yao. Wengi hawaafikiani naye hapo, na wanayo haki. Hata hivyo hoja yake inatufaa, kwa sababu inaliweka suala la tiba mahali pake: ni suala la ushahidi. Muumini anayesema kwamba dawa ni sababu na mponyaji ni Mungu ameshazoea kutumia sababu bila ya kuitukuza. Sindano nayo ni sababu. La kuuliza ni kama inafanya kazi, na kwa kiasi gani.

Ushahidi wenyewe unakera pande zote mbili. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kundi moja lilichomwa sindano kwa kanuni za Kichina, la pili lilichomwa juu juu tu, mahali pasipokuwa na nukta yoyote ya mikondo, na la tatu likapata dawa na mazoezi ya kawaida. Baada ya miezi sita, walionufaika katika kundi la kwanza walikuwa asilimia 47.6, katika la pili asilimia 44.2, na katika la tatu asilimia 27.4. Uchambuzi wa mwaka 2012, uliokusanya takwimu za wagonjwa karibu 18,000 wa maumivu sugu, uliona kuwa sindano za kweli zinazizidi za kuigiza, ila kwa tofauti ndogo. Msomaji mwenye shaka atasema: basi yote ni dhana ya mgonjwa. Mbona basi dhana hiyo iliishinda tiba ya kawaida kwa mbali namna ile? Kulazwa kwa utulivu, kuguswa, kusikilizwa kwa nusu saa na kutarajia nafuu kunabadilisha namna ubongo unavyopokea maumivu, na hilo ni jambo la mwili kama jambo jengine lolote. Kilichopata pigo ni ramani ya mikondo, maana aliyechomwa nje yake alikaribia kupona sawa na aliyechomwa ndani yake. Wala hakuna humo hata chembe ya ruhusa ya kutibu kisukari au saratani kwa sindano.

Wanaoitetea hujibu kwamba elimu iliyodumu miaka elfu mbili haihitaji kupimwa. Lakini Wachina wenyewe hawakuwa na imani hiyo: mwaka 1822 mfalme wao aliifuta tiba ya sindano katika taasisi ya tiba ya ikulu, na mfumo unaofundishwa leo ulipangwa upya baada ya 1949. Umri si hoja. Mtafiti wa Kichina Tu Youyou alilijua hilo. Alisoma katika kitabu cha Ge Hong, tabibu wa karne ya nne, kwamba mmea wa qinghao uloweshwe majini na kukamuliwa, akatambua kuwa huenda moto ndio ulioharibu dawa katika majaribio ya awali. Akaikamua bila joto kali, akaijaribu kwa panya na nyani, na mwaka 1972 ikapatikana artemisinini, dawa ya malaria iliyompa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto yenye asili hiyo mwaka 2003, klorokwini ilipokuwa imeshindwa, na pamoja na vyandarua na upuliziaji malaria ikashuka hadi chini ya mtu mmoja katika mia. Hiyo ndiyo zawadi kubwa kuliko zote ambazo mitishamba ya Kichina imevipa visiwa hivi, na ilitufikia kwa kupimwa.

Limebaki neno zuri kuliko yote, kwamba tiba hii inautazama mwili mzima. Nalikubali, kisha nalidai litimizwe. Mwili ukiwa mmoja, hakuna dawa inayokwenda inakotumwa tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene mjini Brussels iliwapa wanawake mitishamba ya Kichina ambamo mmea mmoja uliwekwa kwa makosa badala ya mwengine wenye jina linalofanana. Zaidi ya mia moja waliharibikiwa figo, na baadhi yao baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Walitafuta wembamba, dawa ikaenda kwenye figo. Anayesema mwili ni mmoja halafu akasema majani hayana madhara amejipinga mwenyewe. Kwa hiyo, msomaji, ukinywa majani hayo pamoja na vidonge vya presha au vya sukari, mwambie daktari wako hata kama hakukuuliza, na usinunue chochote kwa muuzaji asiyeweza kukutajia kila kilichomo ndani ya pakiti.