Mama wa Nyumba Akitumia Dawa ya Kansa

Mama aliyetiwa dawa ya kansa ya ziwa hospitalini hurudi kwake, na watoto wanamngoja wakiwa na njaa. Dawa ile hupita katika damu, huua chembe zizaliazo upesi: za ugonjwa, lakini hata za nywele, kinywa na tumbo. Nywele zikinyonyoka, si uchawi. Wala kansa ya ziwa haiambukizi. Mtoto na amkumbatie mama yake.

Mara nyingi dawa hurudiwa kila siku 21. Kati ya siku ya 7 na ya 14 askari wa damu hupungua sana: mwenye kikohozi asimkaribie, na homa ikifika digri 38 apelekwe hospitalini usiku uo huo, wasingoje mapambazuko.

Na mume? Wengine huona haya kuteka maji. Haya gani hiyo! Simoni wa Sirene alikuwa akitoka shambani, akatwikwa msalaba wa Bwana wetu, akaubeba. Mume naye atoka shambani amechoka. Na autwae mtungi siku za kichefuchefu. Mama akipata nguvu, atataka kusonga bukari mwenyewe, asikatazwe.