Nyumba Iliyofungwa na Mgeni Aliyekimbia

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: ewe ndugu yangu, hili ni swali liulizwalo sana. Mtu ana nyumba yake ya kukaa mjini, na ana ya pili shamba au Lamu, haifunguliwi ila siku za Maulidi na za mapumziko. Mara wafika watu waliofukuzwa kwao na vita. Je, awape nyumba ile? Naye aogopa: wasipotoka? Wakivunja milango? Maji na taa nani atalipa?

Wako wasemao kuwa kuuliza hivi ni upungufu wa imani. Sisi hatusemi hivyo. Mtume (s.a.w.) alipohamia Madina mwaka 622, alishukia kwa Abu Ayyub Al-Ansari. Usiku mmoja mtungi ulivunjika orofani, na Abu Ayyub na mkewe wakayakausha maji kwa guo lao moja tu la kujifunika, yasije yakamdondokea Mtume aliyelala chini. Basi hata nyumba ile tukufu ilivunjika mtungi. Wala haikuwa sababu ya kufunga mlango. Ilikuwa kazi ya kufanywa, ikafanywa.

Khofu ni namna mbili: iko itafutayo dawa, na iko itafutayo udhuru. Ya kwanza ni busara. Ya pili ni ubakhili uliovaa kanzu ya busara. Kuzipambanua si kuzito: jiulize, nikionyeshwa dawa, nitafungua mlango?

Na dawa ziko. Kumpa mtu nyumba akae bila ya kodi kwaitwa ariya. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, mwenye mali aweza kuirejesha wakati autakao, na aliyeazimwa hulipa kilichoharibika, isipokuwa kilichochakaa kwa matumizi aliyoruhusiwa. Haki yako, basi, haikupotea. Juu ya hayo, andikeni muda, na nani alipe nini, na mashahidi wawili wawepo. Mgeni na aandikishwe serikalini kama sharia ya nchi itakavyo. Vyombo vyako vya thamani vitie chumba kimoja, ukifunge. Na ukiitaka nyumba yako, mpe mwenzio nafasi ya kutafuta pengine.

Lakini liko jambo lisilolindwa na karatasi, nalo ni heshima ya mgeni. Saad bin Rabii alitaka kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akataka aonyeshwe soko tu. Mkimbizi ni mtu wa kazi kama wewe. Usimfanye mtumishi wa shamba lako, wala usimsimbulie.

Sisi watu wa pwani twayajua haya. Mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka, watu wa Mogadishu na Barawa walipanda vyombo wakashuka Mombasa. Wako waliolala kambini, na wako waliofunguliwa milango na jamaa. Nao jana yake walikuwa na funguo za nyumba zao mifukoni, kama wewe leo.

Ufunguo huo ni amana, nawe utaulizwa. Wabillahi tawfiki.