Ngazi Iliyoachwa Msituni

Aliye juu mngoje chini. Methali hii tumezoea kuwatupia wakubwa wenye kiburi, tukajifariji kwamba siku yao itafika. Lakini yuko mtu mwingine aliye juu, ambaye methali haikumkusudia: ni yule aliyepanda kwa sababu alikuta ngazi imesimama, naye akaiamini. Huyo akianguka, aulizwe nani? Yeye aliyepanda bila kuchunguza? Aliyeijenga ngazi akaenda zake? Au yule aliyepita hapo mara kumi, akaona imeoza, akanyamaza? Swali hili sikulipata vitabuni. Nimelipata miongoni mwa wawindaji, na limenigombanisha na watu ninaowapenda.

Mimi ni mtu wa Rufiji, lakini tangu mwaka 1994 naishi na kufanya kazi katika jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Huko, mwezi wa Novemba, Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani, hufunguliwa msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki, nao huchukua siku tisa. Watu zaidi ya nusu milioni hukata leseni. Kiwandani kwetu anayetaka likizo ya juma lile huiomba mapema kama mtu anayeomba kiwanja mjini. Wenzangu wa kazi walinikaribisha kambini mwao, nikanunua koti la rangi kali ya chungwa ili nionekane na wenye bunduki, na tangu hapo nimekuwa mmoja wao, ingawa ile baridi sijaizoea mpaka leo.

Wengi wao hawamfuati mnyama kwa miguu. Hupanda mtini wakamngoja. Kulungu wa kule, wale wenye mkia mweupe kwa chini, hutazama sana mbele na pembeni kuliko juu, na harufu ya mtu aliye mtini haiwafikii upesi. Hivyo hutengeneza kile ambacho mimi nakiita dungu, kwa kuwa ndilo neno nililokua nalo. Yako madungu ya ngazi ndefu ya chuma yenye kiti kileleni. Yako majukwaa madogo yanayofungwa kwenye shina kwa mnyororo au mkanda. Yako ya vipande viwili, ambayo mtu hupanda nayo huku akijikunja na kujinyoosha kama kiwavi. Na yako ya zamani, ya mbao zilizopigiliwa misumari katikati ya matawi, ambayo baba alimjengea mwana, na mwana akamwonyesha mjukuu.

Ukitaka kujua jinsi dungu linavyomsaliti mtu, kumbuka kwanza kwamba mti ni kitu hai. Hunenepa. Mnyororo uliofungwa sawasawa mwaka juzi, mwaka huu umekazika mpaka pingili zinataka kupasuka. Upepo huyumbisha shina usiku na mchana, na misumari hulegea kidogo kidogo. Mkanda wa nailoni huliwa na jua, na kindi huutafuna. Ubao huoza upande wa chini, penye unyevu, huku upande wa juu ukionekana mzima. Halafu kuna barafu juu ya vipandio, alfajiri, gizani. Wenye ujuzi husema hatari kubwa haiko wakati wa kukaa bali wakati wa kupanda na kushuka, hasa pale mtu anapoutoa mguu kwenye ngazi ili aingie jukwaani.

Zamani watu walijifunga mkanda mmoja kiunoni. Ikaonekana kwamba aliyeanguka akaning'inia kwa kiuno aweza kukosa pumzi, akafa huku amefungwa vizuri. Sasa hushauriwa mikanda inayoshika mabega, kifua na mapaja, pamoja na kamba iliyofungwa tangu chini mpaka juu ya mti, ili mtu awe ameshikwa muda wote. Hata huyo akining'inia lazima apate pa kukanyaga upesi, maana damu hujaa miguuni. Yote haya yameandikwa katika vijitabu vinavyouzwa pamoja na dungu jipya. Dungu lililoachwa msituni halina kijitabu.

Kambini hadithi za kuanguka husimuliwa kwa kicheko. Mwenzangu mmoja alikuwa ameketi akisikiliza ndege wanavyoamka. Pingili ya mnyororo ikalia ta! na jukwaa likashuka kiasi cha shubiri moja, likakwama. Alishuka akiwa amelikumbatia shina, koti likararuka kifuani lote. Kila mwaka anatuonyesha alivyokumbatia, nasi tunacheka upya. Lakini yuko mmoja ambaye hasimulii. Alikodi shamba jirani ya kambi yetu, akakuta humo ngazi ya chuma yenye kiti, imefungwa mtini na mtu aliyeliuza shamba lile miaka ya nyuma akahama. Siku ya kwanza ya msimu akapanda kabla ya kupambazuka. Mkanda ulikatika. Tangu siku hiyo anatembea kwa kiti cha magurudumu.

Jioni tulipopata habari zake, hakuna aliyecheka, ila mabishano yalikuwepo. Wengi walisema: mtu mzima ana macho, na kila mwindaji anajua kwamba dungu asilolifunga mwenyewe hukaguliwa mchana kwanza. Mmoja akaongeza kwamba Wisconsin ina sheria inayomkinga mwenye ardhi asidaiwe na watu wanaoingia kwake kwa ajili ya burudani, uwindaji ukiwemo. Sheria hiyo ipo, na ina hekima yake. Bila hiyo wenye mashamba wangefunga milango yote. Hata mimi nakubali kwamba apandaye ana wajibu wa kutazama anachokanyaga. Lakini sikubali kwamba wajibu wa mmoja unafuta wajibu wa mwingine. Mwizi akiingia kwako kwa sababu hukufunga mlango, uzembe wako haumgeuzi yeye kuwa mgeni.

Watu wa kale walilichimba jambo hili kabla yetu. Torati ilimwagiza ajengaye nyumba azungushe ukingo darini ili asijiletee hatia ya damu mtu akianguka. Na aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa mwenzake akatumbukia, alitakiwa kulipa. Mafakihi wa Kiislamu nao walitofautisha kati ya anayechimba kisima njiani kwa watu na anayekichimba katika ardhi yake mwenyewe. Na mwaka 1873 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kampuni ya reli iwajibike kwa mtoto aliyeumia akichezea mtambo wa kugeuzia vichwa vya treni, ingawa mtoto hakuwa na ruhusa ya kuwa pale. Naona katika mifano hii yote hofu moja: kwamba tunavyoviacha nyuma huendelea kutenda wakati sisi tumekwisha kuondoka.

Hata hivyo naona ngazi inazidi shimo. Shimo linakungoja tu. Ngazi inakuita. Kila kipandio kinasema, weka mguu hapa, aliyenitengeneza alinipima kwa ajili ya mguu wa mtu. Kwa hiyo anayeiacha imesimama baada ya yeye mwenyewe kuacha kuiamini, anaendelea kusema neno ambalo anajua si kweli, tena kwa mtu asiyemjua na ambaye hataweza kumjibu.

Utotoni mwangu dungu halikupata nafasi ya kusema uongo wa namna hiyo. Wazee wetu walihamishwa kutoka bondeni katika operesheni ya miaka ya 1968 na 1969, lakini mpunga haukuhama nao. Kila msimu watu waliteremka mashambani wakajenga madungu ya miti na kamba, wakalala humo wakiwinga nguruwe na ndege, maji nayo yakipita chini. Baada ya mavuno baba alilibomoa la kwetu, miti mibovu ikawa kuni. Mwaka uliofuata alianza upya. Nilipomuuliza kwa nini tusilibakishe tukapunguza kazi, alijibu kwamba dungu la mwaka jana hulijui limelala na nani.

Sisemi hivi ili kulisifia dungu la kwetu. Lilikuwa dhaifu, na udhaifu wake umeua. Watafiti waliochapisha hesabu yao mwaka 2005 walikuta kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania zaidi ya 563, wengi wao katika wilaya za kusini, na wakaeleza jinsi nguruwe wanavyowavuta simba mashambani, na jinsi wakulima wanaolala huko kulinda mazao wanavyokutwa katika vibanda visivyozuia kitu. Huyo mkulima hakupanda kwa burudani. Akishuka, familia haili. Kwa hiyo nasitasita sana mtu anaponiambia kwa wepesi kwamba kila apandaye amechagua mwenyewe. Yule jirani wa Wisconsin alichagua zaidi kuliko mkulima wa Rufiji, ni kweli. Lakini hakuna kati yao aliyechagua kudanganywa.

Basi haya yote yalikuwa maneno ya jioni mpaka mwaka 2016, alipofariki mzee wa kambi yetu. Ndiye aliyenifundisha kusoma nyayo katika theluji, na ndiye aliyenipa soksi zake siku vidole vyangu vilipokufa ganzi. Aliacha dungu la mbao kwenye mwaloni mkubwa, alilolijenga wanawe wakiwa wadogo. Katika ubao wa mgongoni alichonga kwa kisu mwaka na alama kwa kila kulungu aliyempata. Wanawe wakataka libaki kama ukumbusho. Mimi nikasema libomolewe.

Mtoto mkubwa alinijibu kwamba mimi nimetoka mbali na siwezi kujua mti ule una maana gani kwao. Neno hilo liliniuma, ila hoja zake hazikuwa za kipuuzi. Alisema tukianza kuondoa kila kinachoweza kumwangusha mtu, tutakata na matawi makavu, tutaziba na mashimo ya mbweha, na msitu utakuwa wodi ya hospitali. Nikamwambia tawi kavu halikujengwa na mtu, wala halikumwahidi mtu kitu. Akapendekeza kibao cha kukataza watu. Lakini kibao huoza kama mbao nyingine, na alfajiri hakisomeki. Mdogo wake akapendekeza tung'oe vipandio vya chini, jukwaa libaki juu peke yake kama kiota. Hapo nilisita, maana lilikuwa wazo la mtu anayetafuta amani. Ila mwindaji wa leo huja na vipandio vyake mwenyewe. Akiona jukwaa limekwisha kuwekwa mahali pazuri, ataona bahati.

Aliyekata shauri alikuwa mjane. Tulikuwa jikoni kwake, akasikiliza wee, kisha akasema kwamba marehemu hakulipanda dungu lile kwa misimu minne ya mwisho ya maisha yake. Alikuwa akiketi chini ya mwaloni juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mwenyewe alimwambia mkewe kwamba halimwamini tena mtu wa uzito wake.

Kukawa kimya. Kila mmoja wetu, nadhani, alikuwa akihesabu misimu hiyo minne: sisi tukipita chini ya mti ule, wajukuu wakicheza karibu, na mzee akiwa anajua. Mtoto mkubwa akasema baba yake hakutaka kutuhuzunisha. Yawezekana. Labda aliona kubomoa ni kukiri uzee, na nani kati yetu asiyemwelewa? Mimi namwelewa, na bado nasema ilimpasa ama kulibomoa ama kutuambia. Nimejaribu mara nyingi kulainisha hukumu hiyo kwa sababu ya zile soksi, nikaona soksi ni deni langu mimi kwake, wala haliwezi kulipwa kwa mgongo wa mtu wa tatu asiyekuwepo.

Tulilibomoa Aprili iliyofuata, mimi, yule mtoto mdogo na mwenzetu mmoja wa kazini. Ubao wa tatu wa sakafu ulikatikia mkononi mwangu kama mhogo uliochemshwa. Misumari minne haikutoka. Mti ulikuwa umekwisha kuimeza, tukaiacha. Ubao wenye alama za kisu tulimpelekea mjane, naye ameuegemeza ukutani juu ya meza ya kulia. Mtoto mkubwa hakuja siku ile. Tunafanya naye kazi zamu moja, tunasalimiana, tunaulizana hali za watoto, na Novemba tunakaa kambi moja. Habari ya mwaloni hatuigusi.