Kulala Juu ya Genge

Kuna picha ambayo vijana wetu wengi hapa Nduguti wanaijua, ingawa hawajawahi kuvuka mpaka wa Tanzania. Nyumba nyeupe zimeshikamana na ukuta wa mwamba, kuba za buluu zinang'aa juu yake, na chini kabisa ni bahari. Utaiona kwenye kalenda, kwenye simu, hata ukutani kwa kinyozi. Ni kisiwa cha Santorini, Ugiriki. Watu husafiri kutoka nchi za mbali ili walale siku mbili tatu katika hoteli zilizo juu ya genge lile, na kuitazama bahari asubuhi wakiwa bado kitandani. Kuba zile za buluu, ambazo wageni hupanga foleni ili wapigwe picha mbele yake, ni za makanisa.

Jambo hili haliko mbali nasi kama linavyoonekana. Barabara ileile inayowapeleka wagonjwa wetu hospitali ya Haydom ukiifuata mbele, ukapita Mbulu na Karatu, itakufikisha kwenye lango la Ngorongoro. Huko juu, kwenye ukingo ulio mita zipatazo 2,300 kutoka usawa wa bahari, zipo hoteli ambazo madirisha yake yanatazama kreta nzima: kina cha mita 600 hivi, eneo la kilometa za mraba zipatazo 260, nyati na tembo wakionekana kama punje za uwele zilizomwagika kwenye mkeka. Katika hoteli za bei ya juu kabisa, usiku mmoja kwa mgeni mmoja unaweza kuzidi dola 1,000 za Marekani. Mkulima wa alizeti wa Mkalama anaweza kulima msimu mzima asizipate.

Basi swali letu ni hili: je, Mkristo anaweza kulala mahali kama hapo kwa dhamiri safi? Tunaliuliza kwa sababu watoto wetu wanapata kazi Arusha, Dodoma na Dar es Salaam, na wengine wamefika ng'ambo. Anasa ambayo babu zetu waliisikia kama hadithi, sisi tunaalikwa kwayo.

Jibu la kwanza linalotujia ni la kukataza, na jibu hilo lina nguvu. Nabii Amosi aliwakemea waliojinyosha juu ya vitanda vya pembe za ndovu huku taifa lao likiangamia bila wao kuhuzunika (Amosi 6:4-6). Bwana Yesu alisimulia habari za tajiri aliyekula vizuri kila siku, na Lazaro amelala mlangoni pake (Luka 16:19-31). Sisi tunaoishi katika nchi ya ukame, ambako mama huondoka alfajiri na ndoo na kurudi jua likiwa kali, hatuwezi kuyasoma maneno hayo kana kwamba yaliandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Lakini Maandiko hayohayo yanatupeleka Bethania. Mwanamke alivunja chupa ya marhamu iliyoweza kuuzwa kwa zaidi ya dinari 300, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku nzima. Yaani kazi ya karibu mwaka mzima ilimwagwa kwa dakika moja. Waliokuwapo walinung'unika kwamba fedha ile ingewafaa maskini. Ni hoja ambayo hata sisi tungeitoa kwenye kikao cha baraza la wazee, na tungepigiwa makofi. Yesu hakuikubali. Alimtetea mwanamke, kisha akawakumbusha kwamba maskini wako pamoja nao siku zote na mlango wa kuwatendea mema haujafungwa (Marko 14:3-9). Neno hilo limetumiwa vibaya na wengi, kana kwamba aliruhusu tuwasahau maskini. Ukilifuata hadi Kumbukumbu la Torati 15:11 utaona linatoka katika amri ya kumfungulia mkono ndugu aliye mhitaji. Kwa hiyo kuna tendo la gharama kubwa ambalo Bwana analiita jema, na halifuti deni letu kwa maskini.

Katika jumuiya yetu jambo hili lilipata sura ya watu. Kijana mmoja anayefanya kazi Arusha aliwaandalia wazazi wake zawadi ya kutimiza miaka 30 ya ndoa: usiku mbili katika hoteli ya ukingoni Ngorongoro, kwa bei ya wenyeji, ambayo ni nafuu kuliko ya wageni. Wazazi hawakuzikataa wala kuzipokea. Walikuja kutuuliza. Mzee mmoja alisema wazi kwamba fedha ile ingenunua mabati ya darasa la shule ya Jumapili, ambalo linavuja. Mama mmoja akamjibu kwamba huyu baba na huyu mama wamelea watoto wao na wa ndugu zao, wameuguza, wamezika, na hawajawahi kulala usiku hata mmoja mahali ambapo mtu mwingine anawatandikia kitanda. Akauliza kama amri ya kuwaheshimu baba na mama inaishia kwenye kununua kitenge. Tulikaa kimya kidogo, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesema kweli.

Yako majibu mepesi ya kutoka katika ukimya huo. Moja ni kusema kila mtu na fedha yake, kanisa lisiingilie. Hatuwezi kusema hivyo, kwa maana tunaamini kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, na sisi ni mawakili. Jingine ni kusema kila raha ni dhambi. Hilo nalo linamtukana Muumba. Kreta ya Ngorongoro ni mlima wa volkano ulioporomoka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Genge la Santorini nalo ni ukingo wa volkano iliyolipuka na kuzama baharini katika nyakati za kale. Mahali pote pawili, kile ambacho watu wanalipia kukitazama ni mlima uliovunjika. Mungu amelijaza jeraha lile majani na wanyama huku, na bahari kule. Asiyeguswa na kazi hiyo ya Mungu amepungukiwa na kitu, na tusiuite upungufu huo utakatifu.

Tunadhani hatari yenyewe iko katika kimo. Injili zinatuonyesha Yesu akiwa juu ya mlima kwa namna mbili. Katika Mathayo 4:8 Ibilisi anampandisha na kumwonyesha milki zote za dunia na fahari yake. Angalia kinachoonekana kutoka huko juu: milki na fahari. Hatuambiwi kwamba alionyeshwa mtu mmoja mwenye jina. Kisha katika Marko 9 Yesu anapanda na wanafunzi watatu, uso wa mbingu unafunguka, na Petro anapendezwa kiasi cha kutaka kujenga vibanda wakae hukohuko. Petro hakukosea kuona kwamba pale pazuri. Alikosea kutaka kubaki. Walipotelemka tu walimkuta baba mwenye mtoto mgonjwa, na wanafunzi walioshindwa kumsaidia. Utukufu wa mlimani na kilio cha baba yule viko katika sura moja, na Yesu alipita kutoka huu kwenda kwa kile kwa miguu.

Kwa hiyo anayelala juu ya genge ajiulize anaona nini. Ukingoni Ngorongoro utaona bonde na wanyama. Lakini kuna yule aliyebeba begi lako, aliyeamka saa kumi usiku kuwasha moto wa maji ya kuoga, ambaye labda ni kijana wa Mbulu au wa Iramba mwenye mama anayengoja fedha kwenye simu. Kuna Wamasai, ambao waliambiwa mwaka 1959, hifadhi hiyo ilipoanzishwa, kwamba wataishi humo pamoja na wanyama, na ambao katika miaka ya 1970 waliondolewa kuishi ndani ya kreta yenyewe. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema ni kwa hiari, na wako wanaolalamika. Hatuandiki hapa kuamua shauri hilo. Tunasema tu kwamba Mkristo asiyatazame mandhari kana kwamba hayana watu, kisha akamshukuru Mungu kwa utulivu.

Santorini pia ina watu wake. Vyumba vingi vilivyochimbwa ndani ya mwamba, ambavyo leo hulipiwa fedha nyingi, zamani vilikuwa makao ya watu wa hali ya chini, wakiwamo mabaharia. Matajiri walijenga majumba yao juu. Tarehe 9 Julai 1956 tetemeko kubwa la ardhi liliua watu zaidi ya 50 na kubomoa nyumba nyingi, na wengi wakahama kisiwa. Baadaye mapango ya maskini yakakarabatiwa kwa ajili ya wageni. Februari 2025 ardhi ilitikisika tena siku kwa siku, na maelfu ya watu wakaondoka kwa meli na ndege. Mwamba ambao watu wanaulipia sana hauwezi kumhakikishia mtu hata wiki moja.

Katika bahari hiyohiyo ya Ugiriki kipo kisiwa kingine chenye miamba, ambacho kila msomaji wa Biblia anakijua: Patmo. Yohana hakufika huko kwa mapumziko. Alikuwa huko kwa ajili ya neno la Mungu na ushuhuda wa Yesu (Ufunuo 1:9). Naye aliona makuu kuliko watalii wote, lakini kumbuka alichoambiwa aandike kwanza: hali ya makanisa saba, moja baada ya jingine, kwa majina yake, umaskini wake na uvuguvugu wake. Akiwa mbali, kisiwani, aliwaona walio ng'ambo ya maji. Mtu anaweza kupanda juu sana na bado akawaona jirani zake wote.

Na sisi tusiopanda tusijihesabie haki upesi. Anasa haiko ukingoni peke yake. Tunafanya harusi ambazo michango yake inazidi ada ya watoto wanaokaa nyumbani. Tunamlaza kibarua wa vitunguu bila ujira wake huku tukiwa tumevaa sare mpya ya kwaya, na Yakobo anasema kilio cha wavunaji kimefika masikioni mwa Bwana (Yakobo 5:4). Hata manung'uniko yetu dhidi ya anayesafiri mara nyingine ni wivu uliovaa joho la huruma. Injili ya Yohana inatufunulia kwamba Yuda aliyewatetea maskini pale Bethania alikuwa akiiba katika mfuko.

Tunapendekeza basi maswali matatu kwa kila mwaminio anayealikwa kwenye raha kubwa. Je, kuna mtu ninayemdai haki yake, yaani mfanyakazi, mkopeshaji, mzazi au mtoto, ambaye fedha hii ni yake kabla haijawa yangu? Je, nikiwa huko nitawajua kwa majina wale wanaonihudumia, na kuwatendea kama ndugu? Je, nitashuka? Yaani, nikirudi, kisima na darasa linalovuja vitanipata nikiwa mwepesi zaidi kutoa, au mzito zaidi?

Wazazi wale tuliwaambia waende. Yule mzee hakukubaliana nasi mpaka mwisho, na tumeandika hoja yake hapa kwa sababu mabati bado yanahitajika na yeye yuko sahihi kwamba tusiyasahau. Jumuiya isiyo na mzee wa namna hiyo iko hatarini.

Wengi wetu hatutalala kamwe Ngorongoro wala Santorini. Lakini tumepita Sekenke, gari likianza kushuka, na uwanda wa Wembere ukafunguka mbele yetu hadi macho yanaposhindwa. Hapo Mungu ametuonyesha ukuu wake bila malipo, na hapohapo tunawaombea madereva, kwa kuwa mteremko ule umekwisha kuua watu. Kushukuru kwa uzuri na kumwombea aliye hatarini hufanyika kwa pumzi moja, na hilo tunaliweza sote, mwenye chumba cha dola 1,000 na mwenye kiti cha nyuma ndani ya basi. Bwana atupe macho ya kuona vyote viwili.