Mbegu Haijui Mpaka

Yuko mtu asemaye: "Kiwanja ni changu, ndani yake nafanya nipendavyo." Je, neno hili ni kweli? Sisi tulilazimika kulipima hapa kwetu Lubumbashi kwa sababu ya boma la miti.

Mwaujua mti ule mdogo wenye maua ya manjano kama alizeti, ambao masika yakiisha hujaa kando ya barabara zetu na katika viwanja vitupu. Wataalamu huuita Tithonia. Asili yake ni Meksiko na nchi za Amerika ya Kati. Watu waliuleta Afrika kwa ajili ya uzuri wake. Hupita kimo cha mtu, na mimea iliyo chini yake hukosa jua.

Tuliupanda uwe boma la nyumba. Ulituficha machoni pa wapita njia, wala haukutugharimu kitu. Lakini upande wa pili anakaa mama mjane, auzaye lengalenga apate karo ya watoto. Upepo ulipeleka mbegu zetu kwake, na kila mwaka matuta yake yakazidi kumezwa. Hakutulaumu hata siku moja. Kunyamaza kwake ndiko kulikotuchoma.

Tukatafuta udhuru. Kwanza: mti ni kiumbe cha Mungu. Ni kweli, na lengalenga pia. Pili: bwana wa shamba katika Injili aliyaacha magugu mpaka mavuno. Lakini mfano ule wafundisha uvumilivu kwa watu. Haumpi mkulima ruhusa ya kulala. Tatu: mti huu umeenea mji mzima, tukiukata sisi kutapungua nini? Udhuru huu ndio mgumu. Huenda upepo utamletea mama yule mbegu nyingine kutoka mbali. Hizo si deni letu. Zitokazo kwetu ni deni letu. Kiwanja ni chetu, ndiyo. Lakini hasara ikivuka mpaka, hatuwezi tena kusema ni shauri letu wenyewe.

Basi tukaukata kabla maua hayajafunguka, tukang'oa mashina na mizizi. Vijiti hatukuvitupa mtaroni, maana kijiti kibichi kikigusa udongo chaweza kuchipuka tena. Majani mabichi tukayafukia katika matuta, yetu na ya mama yule, kwa kuwa yakioza huupa udongo naitrojeni na rutuba nyingi. Hivyo kilichomdhuru kikaanza kumlipa. Machipukizi tunayang'oa hata leo, na boma letu la matete halipendezi kama lile la kwanza. Tumekubali.

Ndugu, haki ya jirani haingoji mpaka alalamike. Leo jioni zungukeni ndani ya lupango, mtazame ni kitu gani kinachotoka kwenu kwenda kwake.