Mti Mmoja wa Kunyongea

Kijana wa Olmotonyi akipanda daladala kwenda mjini hupita Ngaramtoni, na akifika Arusha hakosi kuliona Boma la Wajerumani, ambalo leo ni makumbusho. Kuta zile nene zilijengwa kuanzia mwaka 1899 na babu zake, kwa kulazimishwa. Nataka ajue walifikaje hapo, maana kisa chenyewe bado kinaniuma.

Kabla ya Wajerumani, watu wa Mlima Meru, yaani Waarusha na Wameru, na Wachaga wa Kilimanjaro waliporana ng'ombe na kutekana wanawake, kisha mwaka mwingine wakaungana kumvamia mtu wa tatu. Ulikuwa ugomvi wa majirani, wenye maumivu yake na mapatano yake. Oktoba 1896 morani wa rika la Talala, Waarusha kwa Wameru, waliwaua pale Akeri wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, pamoja na Wachaga kadhaa waliofuatana nao. Kapteni wa Kijerumani, Kurt Johannes, akatoka Moshi kuja kulipiza. Nyuma ya askari wake walikuja Wachaga kwa maelfu. Bunduki zilikuwa za Mjerumani, lakini waliofyeka migomba, wakachoma nyumba na kuswaga ng'ombe, wengi wao walikuwa majirani.

Kinyongo chao nakielewa. Nao walikuwa wamezika watu wao. Ila Mjerumani walikwisha kumjua. Mwaka 1893, miaka mitatu tu nyuma, alikuwa amemshinda Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi, na kujenga ngome katika nchi yake. Mtu kama huyo akimaliza kazi Meru, angegeukia wapi?

Mambo haya ya kumwingiza mgeni katika ugomvi wa nyumbani hayakuanza kwetu. Huko Konstantinopoli, mji uliokuwa tajiri kuliko yote ya Wakristo, Alexios, mwana wa mfalme aliyepinduliwa na ndugu yake mwenyewe, aliwaendea wapiganaji wa msalaba kutoka Ulaya Magharibi. Aliwaahidi marki 200,000 za fedha, wamrudishie kiti. Mwaka 1203 wakamrudishia. Fedha zikamshinda kulipa, watu wake wakamchukia kwa kodi, naye mwanzoni mwa 1204 akanyongwa na waziri wake. Aprili ile wageni walivunja kuta wakaupora mji siku tatu, makanisa kwa nyumba. Haukupata tena nguvu zake za zamani, na mwaka 1453 Waturuki wakauchukua. Vita vile viligeuza historia ya Ulaya, na chanzo chake kimoja ni ugomvi wa nyumba moja uliopelekwa kwa mgeni mwenye silaha.

Kwetu hesabu ilikuja upesi zaidi. Tarehe 2 Machi 1900, Johannes yule yule aliwanyonga viongozi 19 huko Moshi, akisema walikula njama dhidi ya Wajerumani. Walikuwamo Waarusha na Wameru. Walikuwamo Wachaga pia, na wa kwanza kutajwa ni Mangi Meli. Mangi Marealle wa Marangu, rafiki mkubwa wa Wajerumani, alibaki na cheo chake, lakini mwaka 1904 naye alishukiwa, akakimbilia Kenya kwa Waingereza.

Ukoo wa Meli unaamini kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wamekitafuta miaka na miaka, na mwili wake wangali wanaulilia bila kichwa.