Shahidi Aliye Katika Chupa

Tuwaze mtoto wa miaka sita amelazwa hospitalini huko Bunia, katika jimbo la Ituri, naye hawezi kukojoa mwenyewe. Amepitishiwa mpira mwembamba mpaka kibofuni, na mkojo washuka kwa mpira huo hata mfukoni, chini ya kitanda. Usiku ashikwa na homa. Daktari aagiza mkojo upelekwe maabara, ijulikane kama vijidudu vimeingia.

Muuguzi amechoka, na mfuko umejaa. Je, akijaza chupa kutoka mfukoni, atenda kosa? Mkojo si wa mtoto yule yule?

Ni wake, lakini hausemi kweli juu yake. Mkojo uliokaa mfukoni saa nyingi, hasa penye joto, hugeuka kitalu cha vijidudu. Maabara itaviona vingi, na mtoto aweza kupewa dawa ya ugonjwa asio nao, huku homa yenyewe, labda ya malaria, ikiendelea. Mama yake atauza kuku ili alipe. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na wengi hudhani uongo ni wa kinywa tu. Muuguzi asiyefundishwa hana hatia hiyo. Aliyefundishwa anayo, ingawa hakuna atakayemgundua.

Tena njia ya kweli si ndefu. Hunawa mikono, huubana mpira chini ya pale palipotengenezwa pa kutolea mkojo, hungoja kama robo saa. Hupasugua kwa spiriti, huacha pakauke, kisha huvuta mkojo mpya kwa bomba safi la sindano. Hauchomoi mpira kutoka mfukoni, maana hapo vijidudu vingepata mlango. Huandika jina na saa juu ya chupa, na kuipeleka upesi. Ikichelewa, hukaa penye baridi.

Na mtoto, je? Yeye naye ana haya. Yafaa afunikwe nguo, aambiwe mapema kwamba sindano ile ni ya mpira, si ya mwili wake. Ajabu jinsi wakubwa wasahauvyo jambo hili!

Wengine hujitetea kwa uchovu na mshahara haba. Uchovu ni wa kweli, wastahili huruma. Lakini si mtoto aliyeupunguza mshahara.

Baada ya hayo kibanio huondolewa. Kikisahauliwa, mkojo hujaa kibofuni, naye mtoto hulia usiku kucha, watu wakidhani ni homa.